Neno la Ajali Isiyotokea

Kazi ya kufasiri niliipata kwa sababu ya mdomo wangu. Nilikuwa karani wa ghala la vipuri vya magari huko Uarabuni, mtaa wa Ras Al Khor, kazi yangu ikiwa kupokea giaboksi na radieta zinazoshuka kwenye kontena na kujua kila kimoja kimepandishwa rafu gani. Asubuhi moja bosi wa ghala, ambaye sote tulimwita arbab, yaani mwenye mali, ingawa na yeye alikuwa ameajiriwa tu, alisimama mbele ya wafanyakazi akaeleza kwa Kiingereza chake cha haraka jinsi ya kupanga mizigo mizito. Alipomaliza akauliza kama wameelewa. Watanzania na Wakenya wetu wakaitika kwa pamoja, "Yes, sir!" Mimi nikasema kwa sauti kutoka nyuma kwamba hawakuelewa, wanaitikia adabu tu. Arbab akanitazama, kisha akasema kuanzia kesho nisimame mimi pale mbele, nifasiri. Waliosema mdomo uliponza kichwa hawakukosea.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, na mtaa wetu wa maghala ulikuwa umeingiwa na woga. Katika ghala moja la jirani rafu ya chuma ilikuwa imemwangukia mtu. Mimi sikumjua. Niliona tu viatu vyake, ambavyo mtu aliviweka nje ya mlango pembeni, vimeelekezwa barabarani, na vikakaa pale siku kadhaa kwa sababu hakuna aliyetaka kuvigusa. Kampuni yetu ikaogopa, au labda watu wa bima ndio walioogopa, na haikupita muda tukaletewa mhandisi wa usalama kutoka Aisilandi.

Ofisi yake ilikuwa makao makuu, ghorofani Jumeirah Lake Towers. Mchana wa siku za kufasiri gari la kampuni lilinichukua kutoka kwenye vumbi na joto la Ras Al Khor likanitupa kwenye baridi ya ile ofisi, nikijifunga kanga mabegani juu ya sare. Mhandisi alikuwa mtu mrefu, pua imebabuka kwa jua, mpole kupita kiasi. Nikimwita sir alikunja uso. Juu ya meza yake kulikuwa na kadi ndogo ndogo za maneno ya kazini kwa Kiingereza, na kazi yetu ilikuwa kuzipa Kiswahili ili zibandikwe ghalani.

Kumbe kazi hiyo ameifanya kwao kwanza. Alinieleza kwamba watu wao ni wachache, nchi nzima ingeenea Temeke na nafasi ikabaki, lakini hawakubali kuazima neno. Kila Kiingereza kipya cha kazini kikiingia, wanakaa vikao na kukitafutia cha kwao. Simu wameipa neno lao la kale lililokuwa na maana ya uzi. Kompyuta wameiita kwa kuunganisha namba na mwanamke mwaguzi wa zamani.

"Huyo mwanamke anapiga ramli ya mishahara?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini ilipofika zamu yangu hakuwa na mzaha. Nikimwandikia ripoti, anauliza kama hatuna letu. Nikimwandikia sefti badala ya usalama, anakataa. "Mama yako angesemaje?" ndilo lilikuwa swali lake la kila siku, na lilinichosha, maana mama yangu Tabora hajawahi kuona fokolifti, ile mashine ya kuinua mizigo. Hata hivyo tulienda. Msimamizi, zamu, hatari, mwelekezi wa gari linalorudi nyuma. Wakenya walinicheka kidogo, wakasema Kiswahili changu ni cha taarifa ya habari, lakini walikielewa.

Kisha tukafika kwenye kadi aliyoijali kuliko zote. Kwa Kiingereza ni maneno mawili mafupi, near miss, na maana yake ni ajali iliyotaka kutokea isitokee: kitu kimedondoka hakikumpata mtu, gari limegonga kitu likasimama. Alisema kabla ya rafu kuua mtu, huwa imekwisha kumkosa mtu. Tukiambiwa ilipomkosa, tunaifunga kabla haijapata. Nikampa ajali iliyokosakosa, nikampa kunusurika, mwisho nikaandika: "Umeponea chupuchupu? Sema!" Nililipenda sana chupuchupu langu. Hata yeye alilirudia rudia mdomoni kama pipi.

Aliahidi kwamba atakayesema hatakatwa mshahara wala kurudishwa kwao, na laini ya rafu iliyotajwa itafungwa siku hiyo hiyo. Arbab alikubali kwa sharti lake: aliyepatwa na jambo aseme mwenyewe, kwa kinywa chake. Hatafunga laini wala kusimamisha kontena kwa maneno ya kusikia. Sharti lilikuwa na haki yake, maana umbea katika ghala lile ulikuwa mwingi kuliko vipuri.

Zikapita wiki. Wanepali wakasema, Wafilipino wakasema, Wahindi wakasema mpaka wakasingiziana. Watu wangu kimya. Mhandisi akaniuliza, bila ubaya wowote, kama Waafrika wa Mashariki ni waangalifu kuliko wengine. Nilikasirika kwa sababu nilijua jibu na nilikuwa nimelijua tangu siku ya kwanza niliposimama juu ya paleti ya mbao kufasiri. Nilikuwa nimesema, "Tuseme leo rafu imetaka kukuangukia," na watu wote wakanikunjia uso. Mmoja akatema pembeni. Na aliyenijibu kwa sauti alikuwa shemeji yangu.

"Shemeji, asubuhi yote hii, hata chai hatujanywa, unatuchuria!"

Nikitumia Kiswahili sihitaji kueleza uchuro. Sote tumelelewa hivyo. Ukitamka "nikifa", unapigwa kofi la mdomo. Baya likikupita, unasema Mungu apishe mbali, unafunga mdomo na mlango. Kulisimulia ni kuliita kwa jina, na lenye jina huitika. Nilijaribu kumweleza mhandisi hayo. Alisikiliza kwa makini, halafu akauliza tufanyeje. Nikarudi ghalani nimenuna.

Huyu shemeji ndiye alikuwa donda langu. Ni mume wa mdogo wangu, na kazi nilimtafutia mimi, nikamsemea kwa arbab mpaka akapata viza. Alimwacha mdogo wangu Tabora na ujauzito wa kwanza. Kila Ijumaa mdogo wangu alinipigia simu kwenye chumba changu cha kuchangia kule Al Nahda, tukaongea habari za bei na majirani, na mwisho lazima aseme, "Dada, mwangalie huyo." Nami nilijibu kwa wepisi kwamba namwangalia. Kila nilipopita mbele ya lile ghala la jirani nilikumbuka viatu, nikatembea haraka.

Basi Alhamisi moja, wakati wa chai, shemeji akapita katikati yetu na mfuko wa tende. Akampa kila mtu, mpaka mlinzi wa getini, mpaka Wanepali.

"Karibu, shemeji. Sadaka."

"Ya nini? Leo kuna nini?"

"Sadaka nayo inaulizwa? Kula."

Nampenda shemeji yangu lakini ana mkono wa birika. Mtu huyu alikuwa akigawana kiberiti kimoja na mwenzake ili wasinunue viwili. Na tende zile hazikuwa za bei ya chini. Alikuwa amemtuma dereva wa gari la kampuni azinunue wakati kazi inaendelea, asisubiri hata jioni. Nilipokea yangu, nikaila.

Nikageuka. Dereva wa fokolifti, Mkenya kutoka Kitale, mlokole mwenye maneno mengi kuliko redio, alikuwa amekaa kwenye kidaraja cha mashine yake, tende iko kiganjani hajaila.

"Mbona kimya leo?" nikamuuliza.

"Niko tu, dada. Kesho nina ushuhuda kanisani. God is good."

"Ushuhuda wa nini?"

"Aki wacha tu. Nitautoa huko kwa church." Kule hata makanisa yalikusanyika Ijumaa, siku ya mapumziko.

Mwislamu ana sadaka isiyo na sababu, Mkristo ana ushuhuda asiotaka kuusema, na wote wawili wamefanya kazi pamoja asubuhi ile ile. Hakuna aliyehitaji kuniambia kwamba kuna kitu kimetokea. Nilichokuwa sijui ni wapi, na wapi ndiko kulikokuwa na uzito wote.

Nilimvuta shemeji nyuma ya radieta.

"Niambie ilikuwa laini gani."

"Laini ya nini?"

"Usinifanye mtoto. Umetoa sadaka. Umenusurika nini?"

Akatazama chini. "Shemeji, yameshapita. Sadaka imetoka, balaa limeondoka. Ukiyataja unayarudisha."

"Rafu haijui sadaka! Imebaki pale pale ilipo."

"Na yule dereva je? Ana watoto watatu kwao. Nikisema, anafukuzwa leo. Mwenzako anasitiriwa."

"Hafukuzwi. Mzungu ameahidi."

"Mzungu yuko kwenye baridi yake huko," akasema, akaondoka.

Nilitaka kumzaba kibao, na nilitaka kulia, yote kwa wakati mmoja. Nje kontena lilikuwa limekwisha kufika, linapiga honi. Mzigo wa siku ile nilikuwa nao kwenye karatasi zangu: giaboksi za malori, nzito, za kupandishwa juu kabisa. Na anayesimama chini kuelekeza fokolifti wakati wa kupandisha ni shemeji yangu. Nikaanza kukimbia kati ya laini nikiinama. Zote zilikuwa na sura moja. Miguu ya rafu imezibwa na makatoni na plastiki, na mtu akitaka kuficha kitu anasukuma paleti moja tu mbele yake. Niligusa chuma hapa na pale kwa kiganja, kana kwamba chuma kingeniambia.

"Yalla, yalla! Container!" arbab alikuwa akipaza sauti mlangoni, akituharakisha.

Nikamkimbilia. "Sir, kuna jambo limetokea leo asubuhi. Tusipandishe kitu kwanza."

"Nani kasema?"

Ningemwambiaje kwamba nimeambiwa na tende? Akanikumbusha sharti lake, si kwa ukali, lakini dereva wa kontena alikuwa anapiga kelele na simu ya arbab ilikuwa inalia. Asiposema mwenyewe, khalas, basi, kazi inaendelea. Nikamwomba dakika chache nizungumze na watu kama kikao cha asubuhi. Akatazama saa, akatazama uso wangu. Nadhani ni uso ndio uliomshawishi.

Nikapanda juu ya paleti. Wakakusanyika kwa kusitasita, wengine bado wanatafuna. Chupuchupu langu lilikuwa tayari mdomoni, na nilipowatazama nikajua nikilitoa tu, milango yote itafungwa. Nikalimeza. Swali la mhandisi likanijia, mama yako angesemaje, na kwa mara ya kwanza sikulichukia. Mama yangu asingetaja ajali kamwe. Angeuliza tende zimetoka wapi.

"Leo sina habari ya ajali," nikasema. "Nimekula tende. Aliyelishwa sadaka na yeye anatakiwa kushukuru, na mimi sijui nashukuru nini, wala nishukuru nikiwa nimesimama wapi. Mwenye shukrani atushirikishe, tumshukuru Mungu pamoja naye."

Fokolifti ilikuwa inanguruma peke yake. Shemeji alikuwa anachora sakafu kwa ncha ya buti. Nilimtazama yule Mkenya, na hasira na hofu vikanipanda pamoja mpaka sauti ikapasuka.

"Na mwenye ushuhuda! Kwani Mungu wako anasikia Ijumaa tu?"

Akavua helmeti. Akaiweka juu ya kiti cha mashine, akazima injini.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amen!" Wakenya wakaitika bila kufikiri, kama wamekaa kwenye mabenchi.

"Bwana asifiwe tena."

"Amen!"

"Mimi nimeokoka na ninampenda Yesu kama mwokozi wangu binafsi."

"Anasali?" arbab akaniuliza kwa Kiingereza. "Kwa nini anasali sasa?"

"Subiri, sir. Tafadhali subiri."

Na yule mtu akatoa ushuhuda wake pale pale, kwa utaratibu wa kanisani, akianza na neema iliyomwamsha asubuhi. Sikuthubutu kumharakisha. Nilifasiri sentensi kwa sentensi, arbab ameinamisha sikio. Alikuwa anarudisha mashine nyuma kwenye laini ya mwisho, ile ya giaboksi kubwa. Akakata kona mapema. Akasikia imegonga nguzo, akaona juu kabisa mzigo unayumba, akafunga macho kwa sababu alijua kuna mtu chini. "Nikaita jina la Yesu," akasema, "hilo moja tu." Halafu akashindwa kuendelea, akajifuta uso kwa mkono wa sare.

Shemeji ndiye aliyeendelea. Hakuinua kichwa.

"Alhamdulillah," akasema. "Ni kweli. Kofia ilinidondoka, nikarudi nyuma kuiokota. Nilipoinuka giaboksi iko pale nilipokuwa nimesimama. Tukasukuma paleti mbele ya nguzo, isionekane. Nikasema sadaka itamaliza."

Nilisimama juu ya paleti yangu na sentensi hiyo mdomoni. Wote walikuwa wananingoja niigeuze. Niliigeuza, kofia, nyuma, giaboksi, na Kiingereza kilitoka sawasawa.

Arbab hakugomba. Alisema khalas, laini ifungwe, kontena lisubiri, na yeye mwenyewe akaenda kuvuta utepe wa manjano. Neno lake alilitimiza, na Mkenya hakufukuzwa, na yote mawili nimeyaandika hapa makusudi, kwa sababu wakubwa wakifanya vizuri huwa tunasahau haraka.

Siku mbili baadaye mafundi walipomaliza kuteremsha mizigo kutoka juu, mmoja mmoja na kwa tahadhari, waliondoa ile paleti. Nguzo ilikuwa imekunjika kwa ndani kama goti la mtu aliyechoka. Mhandisi alikuwa amekuja kutoka mjini. Aliigusa kwa vidole, kisha akavirudisha mfukoni haraka.

Tukakaa naye kwenye kijiofisi changu kujaza taarifa. Kuna nafasi ya kueleza nini kilitokea, nikaeleza. Kuna nafasi ya wapi, nikaeleza. Halafu akafika chini.

"Hapa wanauliza nini kingeweza kutokea, na kwa nani. Mzigo ule wa Alhamisi kama ungepandishwa."

Nilijua jibu lote. Nilijua jina, nilijua uzito wa mzigo, nilijua namba ya simu ambayo ingebidi niipige Tabora na mtu ambaye angepokea akiwa ameshika tumbo. Kiingereza si lugha ya mama yangu. Nilidhani kwa Kiingereza lingetoka tu, kama maneno mengine ya kadi. Halikutoka. Nilifungua mdomo, huo mdomo wangu uliosemea ghala zima, na nikaufunga.

"Usinichurie, sir," nikamwambia, kwa Kiswahili.

Sikumfasiria. Akaweka kalamu chini, na nafasi ile ikaenda makao makuu ikiwa tupu.

Kadi ya chupuchupu tuliitoa. Mahali pake tuliandika: "Una shukrani leo? Tuambie ilikuwa wapi." Mhandisi aliniomba nimfundishe kulitamka neno shukrani, na akasema kwao neno la jambo hili lina ajali ndani yake, la kwetu halina, hajui lipi lina akili zaidi. Watu wakaanza kuja. Kweli, wengine walileta upuuzi. Kuna aliyeshukuru kwamba chai ya siku ile ilikuwa na tangawizi, na kuna Mkenya aliyegeuza kila kikao kuwa mkutano wa injili mpaka arbab akanipigia magoti. Lakini wengine walileta ngazi iliyolegea, na mnyororo uliokatika, na kila mara nilipofasiri niliuliza kwanza wapi.

Kesho yake tu baada ya Alhamisi ile, Ijumaa, mdogo wangu alipiga simu kama kawaida.

"Dada, mume wangu hajambo?"

"Hajambo. Ubahili tu ndio unamkondesha."

Akacheka. Sikumwambia wakati ule wala baadaye, na mumewe naye hakumwambia. Siku hizi wote wawili wako Tabora, na mtoto wao anasoma. Shemeji bado ana mkono wa birika, isipokuwa Alhamisi, ambapo hununua tende nzuri na kugawa mtaa mzima. Juzi mdogo wangu alinipigia analalamika. Amemuuliza miaka na miaka sadaka hii ni ya nini, anajibiwa sadaka haiulizwi, sasa labda mimi dada yake ninajua.

Nikamwambia ale tu.